Shule Iliyo Migombani: Mafunzo kwa Vitendo na Mnyauko wa Migomba Mkoani Kagera

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ni vigumu kuitenganisha nyumba na kibanja. Kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Chini ya kivuli cha migomba huota mibuni, maharage na miti ya matunda. Ndizi za kupika ni chakula cha kila siku, na kahawa huleta fedha. Samadi ya ng'ombe pamoja na nyasi zinazokatwa katika rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio nje ya makazi, ndizo zilizoitunza rutuba ya udongo huo kizazi baada ya kizazi. Mtoto hukirithi kibanja kutoka kwa mzazi wake, na aghalabu wazee wa ukoo huzikwa humo humo.

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayepelekwa huko kwa mafunzo ya vitendo, akiwa na daftari mkononi na miaka miwili ya mihadhara kichwani, anaingia mahali pa heshima. Mwenye kibanja humkaribisha, humwonyesha mgomba ulionyauka, kisha humwuliza swali moja tu: "Mwanangu, nikate au nisikate?"

Swali hilo ni fupi, lakini jibu lake lina gharama. Akishauriwa kukata ilhali ugonjwa si ule unaodhaniwa, familia itapoteza chakula chake bure. Akishauriwa kungoja ilhali ugonjwa ndio wenyewe, huenda kibanja kizima kikaugua, na cha jirani kikafuata. Mwanafunzi aliyezoea kujibu maswali ya mtihani, ambamo kosa humpunguzia alama yeye peke yake, hutambua hapo kwamba kosa lake sasa litalipwa na mtu mwingine. Aghalabu hapo ndipo ujasiri humtoroka.

Somo hili laeleza jinsi mwanafunzi anavyoweza kupata uzoefu wa kazi na kujiamini angali masomoni. Mfano unaotumika ni ugonjwa wa mnyauko wa migomba, kwa kuwa ni tatizo la kweli katika mkoa huo na lahitaji akili ya sayansi pamoja na mkono wa kazi.

Kazi ndani ya masomo

Wazo la kuunganisha chuo na kazi si geni nchini Tanzania. Mnamo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba kijana aliyemaliza kidato cha sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Kwanza alitakiwa kupitia Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kwa muda, kisha walioshirikiana naye kazini watoe maoni juu ya mwenendo wake. Uamuzi huo ulijulikana kuwa Azimio la Musoma. Baadaye sharti hilo lililegezwa kwa wanawake na kwa baadhi ya masomo ya sayansi na ufundi, na hatimaye likaachwa.

Njia ya pili ilikuwa kuiingiza kazi ndani ya masomo yenyewe, nayo imedumu. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1973, kiliyafanya mafunzo ya viwandani kuwa sehemu ya shahada. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoundwa mwaka 1984 mjini Morogoro, huwapeleka wanafunzi wake mashambani, katika halmashauri na katika vituo vya utafiti. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imeyaweka mafunzo kwa vitendo miongoni mwa gharama inazokopesha. Muda wa mafunzo hayo hutofautiana kati ya fani na fani, lakini mara nyingi ni wiki nane hivi.

Wiki nane si nyingi. Mwanafunzi asiyejua anachokitafuta huzimaliza akiwa bado anazoea mahali. Ajuaye anachokitafuta aweza kuondoka na jambo litakalomfaa maisha yake yote.

Ugonjwa wenyewe

Mnyauko unaozungumzwa hapa husababishwa na bakteria wa jamii ya Xanthomonas. Wataalamu waliwaeleza kwa mara ya kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, katika mmea wa ensete unaofanana na mgomba. Mwaka 2001 ugonjwa huo ulionekana Uganda, na mwaka 2006 ulitangazwa kuwapo Tanzania, baada ya kuonekana wilayani Muleba. Wengi mkoani Kagera huuita unyanjano.

Bakteria hao huingia katika mishipa inayopitisha maji na chakula ndani ya mgomba, wakaongezeka humo. Majani hugeuka manjano na kunyauka kana kwamba yamebabuliwa na moto. Mkungu huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, chane moja ikiwa mbichi na nyingine manjano. Ndizi ikipasuliwa, nyama yake huwa na madoa ya rangi ya kutu, wala hailiki. Shina likikatwa, baada ya dakika chache hutoka ute mzito wa rangi ya maziwa au manjano hafifu.

Ugonjwa huenezwa kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni panga au kisu kilichokata mgomba mgonjwa kisha kikakata ulio mzima. Ya pili ni wadudu, kama vile nyuki, wanaotembelea ua dume, yaani ile sehemu nyekundu ya zambarau inayoning'inia chini ya mkungu. Ya tatu ni machipukizi yenye bakteria yanayohamishwa kutoka shamba moja hadi jingine kwa ajili ya kupandwa.

Kuna jambo moja linalopaswa kukumbukwa sana. Bakteria wakiletwa na wadudu, dalili huanzia katika ua dume: hunyauka na kukauka kabla ya majani kuonyesha lolote. Wakiletwa na panga, dalili huanzia katika majani, hata ya mgomba mchanga usio na mkungu. Kwa hiyo mahali dalili inapoanzia hueleza pia njia ambayo ugonjwa uliingilia. Mwanafunzi aliyelisikia jambo hili darasani huenda akalisahau. Aliyeligundua kwa macho yake kibanjani halisahau.

Hatua ya kwanza: kutazama na kuandika

Siku za kwanza za mafunzo si za kutoa ushauri. Ni za kutazama, kusikiliza na kuandika. Mwanafunzi aandike tarehe, kijiji, aina ya mgomba, umri wake kwa kukadiria, dalili aliyoiona na mahali ilipoanzia. Asiandike "mgomba unaumwa"; aandike "majani matatu ya juu yamenyauka; ua dume ni zima; ndizi hazijapasuliwa". Sentensi ya kwanza ni maoni. Ya pili ni ushahidi, na mtu mwingine aweza kuurudia na kuuhakiki.

Kutazama huko huhitaji adabu. Haipendezi kuingia katika kibanja cha mtu na kuanza kukata mashina ili kuona ute. Huombwa ruhusa, husalimiwa wakubwa, huelezwa sababu. Tena panga la mgeni lenyewe laweza kuwa chanzo cha ugonjwa. Kabla ya kuingia na baada ya kutoka ni lazima lipitishwe motoni hadi lipate joto la kutosha, au lichovywe katika maji yenye dawa ya klorini inayotumiwa kufulia nguo nyeupe. Mwanafunzi anayefanya hivyo mbele ya mwenye shamba, bila kuhimizwa, amefundisha somo kabla hajasema neno. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni mwenye panga chafu humponza mwenyeji.

Hatua ya pili: kutofautisha

Si kila mgomba unaonyauka una ugonjwa huo. Kuna mnyauko mwingine uitwao fuzari, au ugonjwa wa Panama, unaoletwa na kuvu waishio udongoni. Kwa mbali yote miwili hufanana, lakini kwa karibu tofauti zake ni hizi:

1. Katika fuzari, majani ya zamani ndiyo huanza kuwa manjano, kuanzia ukingoni, kisha huvunjika na kuning'inia kulizunguka shina kama sketi. Katika mnyauko wa bakteria, jani lolote laweza kuanza, hata changa.

2. Katika fuzari, shina mara nyingi hupasuka karibu na ardhi, na likikatwa huonyesha mistari ya kahawia au nyekundu bila ute. Katika mnyauko wa bakteria, ute hutoka.

3. Katika fuzari, ndizi yenyewe haina madoa ya kutu ndani. Katika mnyauko wa bakteria, madoa hayo ni dalili kubwa.

4. Migomba ya asili ya kupika ya ukanda wa Maziwa Makuu aghalabu huihimili fuzari, bali baadhi ya migomba ya kigeni, hasa inayotumiwa kutengenezea pombe, huathirika sana. Mnyauko wa bakteria haubagui. Haijapatikana aina ya mgomba inayolimwa na wakulima ambayo imekingika kabisa.

Hapa ndipo swali la mwenye kibanja linapoanza kupata jibu. Mwanafunzi hana haja ya kukisia wala kujifanya mjuzi. Ana dalili nne za kuzichunguza, moja baada ya nyingine, na kila moja yaweza kuonyeshwa kwa mwenye shamba ili naye aione kwa macho yake.

Je, dalili zikipingana? Basi jibu la haki ni hili: "Mzee, bado sijui. Nitachukua kipande, nitakipeleka kwa wanaojua, nitarudi siku fulani." Karibu na mji wa Bukoba kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na migomba ni miongoni mwa kazi zake kubwa. Kusema "sijui" hakumshushii mwanafunzi heshima. Kinachomshushia heshima ni kuahidi kurudi na asirudi.

Hatua ya tatu: kuhesabu

Sayansi huanza kuwa na nguvu pale inapohesabu. Chukuliwa mfano wa kufikirika. Kibanja kina mashina 240 ya migomba, na kila shina ni mgomba mama pamoja na machipukizi yake. Mwanafunzi amekagua yote, akakuta mashina 18 yana dalili. Kiwango cha ugonjwa ni:

18 ÷ 240 × 100 = asilimia 7.5

Namba hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Mwanafunzi mwenye bidii huchora ramani ya kibanja, akaweka alama mahali pa kila shina gonjwa. Kutokana na ramani hiyo agundua kwamba upande wa kaskazini una mashina 60, na katika hayo 15 ni magonjwa. Sehemu iliyobaki ina mashina 180, na 3 tu ni magonjwa. Basi hesabu hurudiwa:

Kaskazini: 15 ÷ 60 × 100 = asilimia 25
Kwingineko: 3 ÷ 180 × 100 = asilimia 1.7, kwa kukadiria

Wastani wa asilimia 7.5 ulikuwa umeificha habari kubwa. Upande mmoja unaungua, na uliobaki bado ni mzima kwa sehemu kubwa. Maswali mapya huzaliwa. Je, kuna nini kaskazini? Je, hapo ndipo majani ya migomba hukatwa kwa ajili ya kufungia vitu sokoni? Je, anayeyakata hutumia panga lilelile katika vibanja vingine? Au je, maua dume ya upande huo hayakuondolewa? Dalili zikiwa zimeanzia katika majani, panga hushukiwa. Zikiwa zimeanzia katika maua dume, wadudu hushukiwa. Hiyo ndiyo kazi ya mtafiti, na imefanyika kwa kalamu, karatasi na miguu.

Hatua ya nne: kutenda na kurudi

Ushauri unaotolewa kuhusu mnyauko wa bakteria una sehemu kadhaa. Ua dume huondolewa mapema, mara chane ya mwisho inapojitokeza, kwa kijiti chenye panda na si kwa kisu. Kijiti hulivunja ua kwa kulisokota, na hivyo hakuna chuma kinachobeba ute kutoka mgomba hadi mgomba. Vifaa vya kukatia hutakaswa. Machipukizi ya kupanda huchukuliwa mahali palipothibitishwa kuwa pazima.

Kuhusu mashina yaliyokwisha kuugua, ushauri wa mwanzo ulikuwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote. Kazi hiyo ni nzito, hasa kwa wazee na wajane, na wengi waliiacha katikati. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba bakteria hawafiki katika kila chipukizi la shina lililougua. Kwa hiyo ikapendekezwa njia nyepesi zaidi: kuukata mgomba wenye dalili peke yake, usawa wa ardhi, mara tu dalili inapoonekana, na kurudia ukaguzi mara kwa mara. Njia hiyo hufaulu pale tu maua dume yanapoondolewa, vifaa vinapotakaswa na majirani wanapofanya hivyo kwa pamoja. Kibanja kilichoathirika mno bado huhitaji kung'olewa, na ardhi hupumzishwa, kwa kawaida kiasi cha miezi sita, kabla ya kupandwa migomba tena.

Mwanafunzi hushiriki kazi hizo kwa mikono yake, kisha hurudi. Kurudi huku ndiko kunakotofautisha matembezi na mafunzo. Baada ya wiki nne ahesabu tena mashina yaleyale. Ikiwa upande wa kaskazini umepata magonjwa mapya mawili badala ya kumi, ana jambo la kueleza. Ikiwa yameongezeka, ana jambo kubwa zaidi la kueleza: hana budi kutafuta ni hatua gani haikufuatwa, au ni dhana gani ilikuwa na kasoro.

Kujiamini hutoka wapi?

Watu wengi hudhani kwamba kujiamini ni kipaji cha kuzaliwa nacho, kama sauti nzuri. Mwanasaikolojia Albert Bandura, wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alieleza jambo hili kwa namna nyingine katika maandishi yake ya mwaka 1977. Kwa maoni yake, imani ya mtu kwamba aweza kufanya kazi fulani hujengwa na vyanzo vinne.

Chanzo cha kwanza, chenye nguvu kuliko vyote, ni mafanikio ya mtu mwenyewe katika kazi hiyo. Cha pili ni kumwona mwingine anayefanana naye akifaulu. Cha tatu ni maneno ya kutia moyo kutoka kwa mtu anayeaminika. Cha nne ni hali ya mwili wenyewe na jinsi mtu anavyoitafsiri: moyo ukidunda, mmoja husema "naogopa, sitaweza", mwingine husema "nimejiandaa, naanza".

Vyanzo vyote vinne vyaonekana kibanjani. Siku ya kwanza afisa ugani huondoa ua dume kwa kijiti huku mwanafunzi akitazama. Kisha mwanafunzi mwenzake, aliyetangulia wiki moja, hufanya hivyo hivyo. Kisha mwenyewe hujaribu. Kijiti huteleza, ua hugoma, watoto wa jirani hucheka. La kumi huvunjika vizuri. La hamsini hufanyika huku akizungumza. Mwenye kibanja husema, "Sasa umekuwa mtu wa kazi." Kijana huyo atakapoitwa kueleza jambo hilohilo mbele ya mkutano wa kijiji, moyo utadunda, lakini atakuwa na maua hamsini ya kusimamia.

Ndiyo maana si sahihi kumwambia mwanafunzi, "Jiamini kwanza, kisha ufanye kazi." Utaratibu huenda kinyume chake. Hufanywa kazi ndogo, ikakaguliwa, ikarekebishwa, na imani hufuata nyuma yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Funzo kutoka Muleba

Kazi hiyo ndogo huweza kubeba matokeo makubwa. Kuanzia mwaka 2014, wilaya ya Muleba ilikuwa mahali pa jaribio la vyandarua vya aina mpya dhidi ya malaria. Mbu wa eneo hilo walikuwa wamejenga usugu dhidi ya viuadudu vya kawaida. Vyandarua hivyo viliongezwa kemikali inayozuia mbu kuivunja sumu mwilini mwake. Maeneo 48 yaligawanywa kwa bahati nasibu, na watoto walipimwa malaria kwa vipindi. Vyandarua vipya vilionekana kuwakinga watoto zaidi kuliko vile vya kawaida. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitumia ushahidi huo kupendekeza matumizi ya vyandarua hivyo, na mwaka 2018 matokeo yalichapishwa katika jarida la kitabibu la The Lancet.

Msingi wa jaribio la namna hiyo ni watu waliobisha hodi mlangoni, wakaandika umri wa mtoto bila kukisia, wakahesabu mbu bila kuruka hata mmoja. Daftari likiwa na uwongo, jarida nalo litakuwa na uwongo. Mwanafunzi anayejifunza kuandika "mashina 18" kwa sababu aliyahesabu 18 anajizoeza uaminifu uleule.

Kasoro zinazotokea

Si kila mwanafunzi hupata bahati ya kupewa kazi ya maana. Wengine hufika mahali pa mafunzo wakaishia kupanga mafaili, kutumwa dukani au kukaa kutwa kwenye benchi wakingoja kutiwa sahihi fomu zao. Wengine huona kwamba msimamizi kutoka chuoni hufika mara moja tu, kwa haraka. Malalamiko hayo yana ukweli wake, na wenye dhamana wapaswa kuyatazama.

Hata hivyo mwanafunzi hana budi kutafuta mlango. Mambo matatu humsaidia. Kwanza, aende na swali lake lililoandikwa, hata kama ni dogo, kama vile: "Je, dalili katika kijiji hiki huanzia kwenye ua au kwenye jani?" Mwenye swali hupewa kazi upesi kuliko anayesema, "Nimetumwa na chuo." Pili, aombe kumfuata mtu mmoja anayeijua kazi, amtumikie na kumwuliza. Kuuliza si ujinga. Tatu, kila Ijumaa aandike ukurasa mmoja: alichokifanya, alichokosea, atakachokifanya wiki ijayo, kisha amwonyeshe msimamizi wake. Kurasa nane ni ripoti iliyokwisha kuandikwa nusu.

Kurasa hizo zitamfaa pia wakati wa kuomba kazi. Walinganishwe waombaji wawili. Wa kwanza aandika: "Nina uzoefu wa kilimo na ninajituma." Wa pili aandika: "Nilikagua mashina 240 ya migomba, nikachora ramani ya ugonjwa, nikashiriki kuondoa maua dume, nikarudia hesabu baada ya wiki nne, na matokeo nikayaeleza katika mkutano wa kijiji." Wa pili hakujisifu hata kidogo, lakini mwajiri ajua la kumwuliza, naye ajua la kujibu.

Kazi ya shule za sekondari

Haifai kungoja chuo kikuu ndipo mazoea haya yaanze. Mwalimu wa biolojia wa Bukoba, Muleba au wilaya nyingine inayolima migomba aweza kuligeuza shamba la shule kuwa maabara. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi, kila kikundi kipewe mistari yake ya migomba, wahesabu, wachore ramani, wahesabu asilimia na warudie baada ya mwezi. Wabadilishane daftari: kikundi cha pili kikihesabu mistari ya kikundi cha kwanza na kupata namba tofauti, wote warudi shambani kutafuta sababu. Penye migomba michache, zoezi lilelile laweza kufanywa kwa mahindi, mihogo au mikorosho, kwa kufuata ugonjwa wa mahali hapo.

Mwanafunzi aliyepitia hayo atakaposimama siku moja ukingoni mwa kibanja cha mtu, akaulizwa, "Mwanangu, nikate au nisikate?", hatakurupuka wala hatanyamaza. Atasema, "Tuutazame pamoja, mzee." Kisha ataomba ruhusa, atalipitisha panga motoni, na kazi itaanza.

Maswali ya mazoezi

1. Mgomba wa kupika una ua dume lililokauka, majani mazima, na ndizi zenye madoa ya kutu ndani. Taja ugonjwa unaoshukiwa na njia ambayo yamkini uliingilia. Toa sababu.

2. Kibanja kina mashina 320. Upande wa mashariki una mashina 80, na 12 kati yake ni magonjwa. Upande wa magharibi una mashina 240, na 4 ni magonjwa. Tafuta asilimia ya kibanja kizima na ya kila upande. Eleza kwa nini asilimia ya kibanja kizima yaweza kumpotosha mkulima.

3. Kwa nini ua dume huondolewa kwa kijiti chenye panda na si kwa kisu?

4. Eleza kwa nini njia ya kuukata mgomba mmoja mmoja haitafaulu ikiwa mkulima mmoja tu kijijini ndiye anayeifuata.

5. Chagua kazi moja unayoiogopa katika masomo yako. Kwa kutumia vyanzo vinne vya kujiamini, panga hatua za wiki nne za kuijifunza, na uandike ni nani atakayeikagua kazi yako kila wiki.